BRAGG NA SIRI YA CHUMVI

Mnaposafiri kutoka Garsen kwenda Malindi mwapita Marereni na Gongoni, ambako maji ya bahari huachwa yakauke juani mpaka chumvi ibaki. Leo nawaletea habari za kijana aliyeonyesha jinsi atomu za chumvi hiyo zilivyojipanga.

William Lawrence Bragg alizaliwa mwaka wa 1890 mjini Adelaide, Australia. Alipokuwa mtoto alianguka kutoka kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu akavunjika kiwiko. Babake, profesa wa fizikia, akampiga picha ya eksirei, kitu kigeni kabisa siku hizo. Nani angejua kwamba eksirei hizo hizo zingempa jina!

Mwaka wa 1912, akisoma Cambridge, Uingereza, alipata habari kuwa Wajerumani wamepitisha eksirei ndani ya fuwele, yakatokea madoa kwenye picha. Bragg akawaza kwamba matabaka ya atomu huziakisi kama vioo, na ukipima pembe waweza kujua umbali baina ya tabaka na tabaka. Mwaka uliofuata akaipima chumvi. Kumbe hakuna jozi za sodiamu moja na klorini moja! Kila sodiamu imezungukwa na klorini 6, na kila klorini na sodiamu 6. Wanakemia wengine hawakupendezwa; Henry Armstrong alikuwa bado anabisha mwaka wa 1927, ati chumvi imeonewa.

Kwa njia hiyo hiyo wataalamu walichungulia fuwele nyingine. Iodidi ya kadmiamu, kwa mfano, ina matabaka yale yale, lakini yaweza kurundikwa kwa zamu tofauti, kama mikeka. Mipangilio zaidi ya 100 imeshapatikana.

Mwaka wa 1915 Bragg alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na babake. Alikuwa na miaka 25 tu, tena yuko vitani. Furaha gani lakini? Wiki chache kabla, nduguye Robert alikuwa amefariki kwa majeraha ya vita huko Gallipoli, Uturuki. Isitoshe, wengi walidhani wazo lile ni la baba, na hilo lilimuuma kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu huo ni uonevu, maana kazi ya kijana hupewa mzee upesi sana.

Baadaye aliongoza maabara ya Cavendish, ambako umbo la DNA liligunduliwa mwaka wa 1953. Alifariki mwaka wa 1971. Hadi leo hakuna aliyepata Nobel ya sayansi akiwa na umri mdogo kumliko.