Ibn Sina na Michezo ya Watoto

Matabibu wakubwa waliopita ni wengi, lakini Abu Ali Ibn Sina, ambaye Wazungu humwita Avicenna, ndiye nimkumbukaye kila nionapo watoto wamekalishwa kitako mchana kutwa.

Alizaliwa mwaka 980 huko Afshana, karibu na Bukhara, na alipotimiza miaka 10 alikwisha kuhifadhi Kurani. Angali kijana alishiriki kumtibu mtawala Nuh bin Mansur, naye akaomba ruhusa ya kuingia maktaba yake. Baadaye maisha yalimtupa huku na huku: mara waziri Hamadan, mara gerezani, mara mbioni kwenda Isfahan amevaa mavazi ya kisufi. Katika miaka hiyo ya misukosuko ndipo alipoikamilisha Al-Qanun, kitabu chake cha tiba chenye juzuu 5.

Humo aliyataja maradhi yanayomtoka mtu yakamwingia mwingine: ukoma, upele, ndui, homa za tauni na vidonda vilivyooza. Wako wasemao kuwa ndiye aliyeanzisha karantini ya siku 40. Mimi sikubali. Jina hilo latokana na Waitalia wa Venice, karne nyingi baada yake, na sifa zake zatosha bila ya kuazima za watu.

Lililonivutia zaidi ni mlango wa malezi. Mtoto mchanga, alifundisha, ahitaji mambo mawili: kupembezwa taratibu kwa ajili ya mwili, na kuimbiwa kwa ajili ya nafsi. (Nyanya zetu hawakuisoma Al-Qanun, lakini wakifanya vivyo hivyo.) Afikapo miaka 6 apelekwe kwa mwalimu, ila asigandamishwe kitabuni kwa mara moja, na aongezewe mazoezi kabla ya chakula. Walimu wa vyuo, hapo nawaombeni msipapite upesi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wauchangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Tabibu wetu alikwisha kulielekea jambo hilo yapata miaka elfu nyuma.

Yeye mwenyewe mwili haukumstahi. Alishikwa na msokoto wa tumbo, akajitibu kwa pupa, dawa zikamzidi. Alipoona nguvu zimemwishia aliacha kujitibu, akafariki Hamadan katika Ramadhani ya mwaka 428 Hijria, yaani 1037. Kaburi lake liko huko huko.