Maisha ya Marehemu Naftali Temu, Aliyeiletea Kenya Dhahabu ya Kwanza ya Olimpiki

Ni desturi katika kitabu cha taarifa ya mwaka, zikiisha hesabu za fedha na majina ya wenzetu waliotutoka, kuweka kurasa chache za maisha ya mtu mmoja aliyewatumikia watu kwa mwili wake na kwa moyo wake. Mwaka huu Kamati imemchagua marehemu Naftali Temu. Wako waliouliza kwa nini mtu wa Kisii awekwe katika kitabu cha Chepsaita, ilhali nchi hii ya Uasin Gishu imejaa mabingwa wake yenyewe, wazima na wafu. Swali hilo ni la haki, nalo litajibiwa na habari zenyewe.

Mataifa mengine hayangoji mtu afe ndipo yamkumbuke. Huko Marekani, katika mji wa Stillwater, jimbo la Oklahoma, liko jumba lililoanzishwa mwaka 1976 kwa ajili ya kuwaheshimu watu waliotumikia mieleka ya ridhaa, yaani mieleka ichezwayo bila malipo. Humo hawakuwekwa mabingwa peke yao. Wamo pia walimu wa mchezo na waamuzi, na hata Rais Abraham Lincoln, kwa kuwa alipokuwa kijana alisifika kwa kupiga mieleka. Sisi huku mchezo wetu mkubwa ni mbio, na mbio nazo kwa miaka mingi zilikuwa za ridhaa. Mtu alikimbia, akashinda, akapewa nishani na kushikwa mkono, kisha akarudi kazini kwake. Yafaa vijana wetu walijue jambo hili, kwani wao wamekua wakiona mshindi wa mbio akijenga nyumba za kupangisha mjini Eldoret, nao hudhani mambo yalikuwa hivyo tangu zamani.

Naftali Temu alizaliwa tarehe 20 Aprili 1945, mtoto wa kabila la Wakisii wa upande wa Nyamira. Alipopata umri wa utu uzima alijiunga na jeshi la Kenya, na huko ndiko miguu yake ilikojulikana. Nchi yetu ilikuwa imejipatia uhuru mwezi Desemba 1963, na miezi kumi baadaye ikapeleka wanamichezo wake Tokyo, Japani, kwa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1964. Temu alikuwa miongoni mwao, kijana wa miaka 19. Walimtia katika mbio ndefu kuliko zote, marathoni, akamaliza wa 49. Mshindi siku hiyo alikuwa Abebe Bikila wa Ethiopia, ambaye alikwisha kushinda mbio hizo hizo mjini Rome mwaka 1960. Nishani pekee ya Kenya huko Tokyo, nayo ndiyo ya kwanza kabisa katika Olimpiki, ililetwa na Wilson Kiprugut wa Kericho, ya shaba, katika mbio za meta 800.

Kumaliza wa 49 si jambo la kusimuliwa kwa fahari, lakini yule kijana hakuvunjika moyo. Miaka miwili baadaye, mwezi Agosti 1966, Michezo ya Himaya ya Uingereza na Jumuiya ya Madola ilifanywa Kingston, Jamaika. Katika mbio za maili sita alikuwapo Ron Clarke wa Australia, mtu aliyekuwa ameshika rekodi nyingi za dunia za mbio ndefu wakati ule, na watu wengi hawakuwa na shaka juu ya mshindi. Temu alimshinda, wala si kwa kumpita mlangoni. Alimwacha nyuma sana, akafika peke yake. Katika michezo hiyo hiyo Kipchoge Keino wetu alishinda maili moja na maili tatu, ikawa mbio ndefu za uwanjani zote tatu zimechukuliwa na Kenya.

Tunasimama kidogo hapa, kwa sababu jambo hili la Kingston husahauliwa, na kwa kusahauliwa limewadhulumu wakimbiaji wetu. Mara nyingi husemwa kwamba Waafrika walishinda Mexico mwaka 1968 kwa sababu mji ule uko juu, penye hewa nyepesi, na wao walizaliwa mahali pa namna hiyo. Ni kweli Mexico iko meta 2,240 juu ya bahari, na Eldoret yetu iko karibu na kimo hicho. Tena ni kweli hewa ile iliwatesa sana watu wa nchi za chini. Lakini Kingston ni bandari. Hewa yake ni nzito, ina joto na unyevu, na mtu wa milimani ndiye angepaswa kulalamika. Temu alimshinda Clarke pwani kwanza, ndipo akaja kumshinda mlimani. Mwenye kutaka kusema kwamba ushindi ulitoka hewani, aeleze kwanza hiyo ya Kingston.

Basi tufike Mexico. Mbio za meta 10,000 zilikimbiwa tarehe 13 Oktoba 1968, siku ya kwanza ya riadha. Ni mizunguko 25 ya uwanja. Waliojipanga walikuwa wengi, wakiwamo Clarke, Mamo Wolde wa Ethiopia, Mohammed Gammoudi wa Tunisia, na kwa upande wetu Keino na Temu. Mwendo ulianza wa pole, kila mtu akiogopa kuishiwa pumzi, na kadiri mizunguko ilivyozidi ndivyo watu walivyozidi kuachwa mmoja mmoja. Keino alikuwa mgonjwa, ana maradhi ya nyongo, na madaktari walikuwa wamemkataza kukimbia. Alishika mwendo pamoja na wa mbele mpaka mizunguko michache ya mwisho, kisha maumivu yakamwangusha nje ya njia. Clarke naye alifika mwisho akiwa wa sita, akaanguka, ikabidi apewe hewa ya kupumua.

Wakabaki Wolde na Temu. Wolde alikuwa mtu mzima mwenye ujuzi mwingi, amekwisha kushiriki Olimpiki tangu Melbourne mwaka 1956, wakati Temu alipokuwa mtoto wa miaka 11. Katika mzunguko wa mwisho Wolde alitoka mbio, na wengi wakadhani kazi imekwisha. Temu hakumwacha aende. Alimfuata, akamkaribia, akampita katika hatua za mwisho kabisa. Saa ya mshindi ilikuwa dakika 29 na sekunde 27.4. Wolde alikuwa nyuma yake kwa sehemu sita za kumi za sekunde moja, na Gammoudi akawa wa tatu. Waafrika watatu ndio waliosimama juu ya jukwaa, na katikati yao alisimama askari wa Kenya mwenye umri wa miaka 23, huku bendera ikipandishwa na wimbo wa taifa ukipigwa. Kabla ya siku hiyo wimbo wetu ulikuwa haujapata kupigwa katika Olimpiki kwa ajili ya mshindi wa dhahabu.

Wale wanaopenda hesabu wataona kwamba saa hiyo ilikuwa nyuma ya rekodi ya dunia ya Clarke kwa dakika moja na sekunde 48. Haidhuru. Siku ile saa haikuwa adui. Adui alikuwa pumzi.

Angeweza kupumzika baada ya hapo, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Lakini siku nne baadaye, tarehe 17 Oktoba, alikuwa tena uwanjani kwa fainali ya meta 5,000, akiwa amekwisha kukimbia mchujo wake. Gammoudi alishinda, Keino akawa wa pili, Temu wa tatu, na wote watatu walifika katika muda usiozidi sekunde moja na nusu. Hiyo ikawa nishani yake ya shaba. Kisha tarehe 20 Oktoba alijipanga tena, safari hii kwa marathoni. Alikaa na waliotangulia kwa muda mrefu, lakini nguvu zilimwishia njiani, akamaliza wa 19, naye Wolde akashinda. Ukijumlisha mbio zote, kijana huyu alikimbia kilometa 62 na zaidi za mashindano ndani ya siku nane, mahali ambapo wengine walibebwa kwa machela baada ya kilometa kumi.

Kenya ilirudi kutoka Mexico na nishani tisa, tatu za dhahabu. Amos Biwott, Mnandi, alishinda mbio za kuruka viunzi na maji, na Keino akashinda meta 1,500 siku ile ile ya marathoni. Jina la Keino ndilo lililokaa zaidi midomoni mwa watu, nalo lastahili. Lakini aliyefungua mlango ni Temu, na waliopita baada yake waliukuta umekwisha kufunguliwa.

Miaka iliyofuata haikuwa ya ushindi. Alikwenda Munich mwaka 1972 kwa Olimpiki yake ya tatu, asifike fainali, na muda mfupi baadaye akaacha mbio. Hapa ndipo yapasa tueleze mambo ya ridhaa, kwa maana ndiyo yaliyoamua maisha yake yaliyobaki. Sheria ya siku zile ilimkataza mwanariadha kupokea fedha kwa kukimbia, na aliyepokea aliondolewa katika mashindano ya ridhaa. Wachache kama Keino na Ben Jipcho waliingia katika mbio za kulipwa huko Marekani miaka ya 1973 na 1974, lakini wakati huo kasi ya Temu ilikuwa imekwisha kupungua. Chama cha riadha cha dunia kilianza kulegeza sheria hiyo mwaka 1982, wanariadha wakawekewa akiba ya fedha zao. Temu alikuwa amekwisha kuacha mbio karibu miaka kumi. Serikali ilimpa shamba huko Nyamira, naye akaishi humo kama mkulima.

Alipougua, ugonjwa wake ulikuwa saratani ya tezi dume. Tunaitaja kwa jina lake, ingawa wazee wetu hawapendi itajwe barazani, kwa sababu ni ugonjwa wa wanaume wenye umri, nao mara nyingi huanza kimyakimya bila maumivu yoyote. Daktari anaweza kuanza kuutafuta kwa kupima damu. Kwa mtu ambaye mwili wake ulipimwa saa na waamuzi wa dunia nzima, gharama ya matibabu ilikuwa mzigo asioweza kuubeba. Aliyejitokeza kumsaidia apate matibabu Nairobi alikuwa Kipchoge Keino, yule yule aliyeanguka kando yake katika mizunguko ya mwisho ya Mexico. Mnandi alimsaidia Mkisii, na hakuna aliyeuliza kabila. Naftali Temu alifariki katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta tarehe 10 Machi 2003, akiwa na umri wa miaka 57.

Hilo ndilo jibu kwa wazee waliouliza. Chama chetu kimesimama juu ya jambo moja, kwamba mwanachama asiugue peke yake wala asizikwe kwa aibu. Mtu aliyeipa nchi nzima furaha isiyo na bei alifika hospitali akitegemea wema wa rafiki. Rafiki huyo alikuwa mwema kweli, lakini rafiki mmoja si chama, naye angeweza kuwa safarini siku hiyo. Kamati haisemi haya ili kumlaumu mtu yeyote. Inasema kwa sababu katika vijiji vyetu wako watu waliotumikia mbio za ridhaa ambao umri umewafikia. Wako waliokimbia bila viatu katika mashindano ya shule na ya wilaya, na wako walimu waliosimama na saa mkononi kila jioni bila mshahara wa kazi hiyo. Tusiwasahau akina mama waliowapikia vijana waliotoka mbali kuja kufanya mazoezi. Leo mbio za nyika za Chepsaita huvuta wakimbiaji wengi, na magari hujaa barabarani, lakini njia zile zilikanyagwa kwanza na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kwa hiyo Kamati yaomba kila mzee wa kijiji aandike majina ya watu wa namna hiyo anaowajua, wazima na marehemu, pamoja na mwaka na kazi aliyoifanya kila mmoja. Karatasi ziletwe kwa Katibu kabla ya mkutano wa mwaka. Majina yatasomwa mbele ya wanachama, na walio hai wataalikwa kukaa safu ya mbele pamoja na wazee. Wale walio wagonjwa watembelewe nyumbani na wajumbe wawili, na taarifa ya hali zao iletwe katika kikao cha kwanza cha Kamati.