Alexandre Delcommune: Mbelgiji aliyetaka kuteremka Lualaba kwa mitumbwi akakwamishwa na Nzilo

Kila mtu wa Kolwezi anajua Nzilo. Wengine wanaijua kwa sababu ya bwawa la umeme, wengine kwa sababu ya samaki wanaotoka kwenye ziwa lake kwenda sokoni, na wengine kwa sababu ya siku ya mapumziko wanapopeleka familia kando ya maji. Lakini wazee waliofanya kazi katika Union Minière wanakumbuka kwamba zamani bwawa hilo halikuitwa Nzilo. Kwenye ramani za wakoloni liliandikwa jina moja la Kizungu: Delcommune.

Mtu huyo alikuwa nani? Na kwa nini jina lake liliwekwa mahali ambapo safari yake kubwa ilivunjika, na ambapo watu wake walianza kufa kwa njaa?

Kijana wa Namur afika Boma

Alexandre Delcommune alizaliwa mwaka 1855 katika muji wa Namur, Ubelgiji. Hakuwa mwanajeshi wala mtu wa chuo kikubwa. Mwaka 1874, akiwa bado hajatimiza miaka 20, aliondoka kwao kwenda kutafuta maisha kwenye pwani ya Afrika, akaingia katika biashara huko Boma, karibu na mdomo wa mto Kongo. Wakati ule hakukuwa na Kongo ya Wabelgiji. Boma ilikuwa kituo cha maduka ya Wareno, Wafaransa, Waingereza na Waholanzi, waliokuwa wakinunua mafuta ya ngazi, karanga na pembe za tembo.

Delcommune alikuwa Boma mwezi Agosti 1877, wakati Stanley alipotokea kutoka ndani ya bara akiwa amechoka, watu wake wakiwa hawana chakula. Stanley alikuwa amefuata mto kuanzia Nyangwe, huko Maniema, hadi karibu na bahari. Ni wafanyabiashara wa Boma waliomtumia chakula. Kijana wa Namur aliona kwa macho yake jinsi msafara unavyokuwa mwisho wa safari ndefu: watu wamebaki mifupa, na wengi walioanza nao hawapo tena. Miaka kumi na minne baadaye jambo kama hilo lilimkuta yeye mwenyewe.

Mwaka 1884 aliingia katika kazi ya mfalme Leopold wa Pili. Alikuwa anawajua wakubwa wa Boma kwa sababu ya biashara ya miaka mingi, na urafiki huo ulitumika kuwapatanisha na watu wa mfalme na kusainisha mikataba. Mwaka uliofuata, Leopold alitambuliwa na mataifa ya Ulaya kama mwenye inchi yote ya Kongo.

Mashua ya Roi des Belges

Ofisa mmoja wa Ubelgiji, Albert Thys, alianzisha kampuni ya CCCI ili kuchunguza Kongo inaweza kuleta faida gani. Alimchagua Delcommune kwa kazi hiyo. Mwaka 1888 Delcommune alipanda mashua ya moshi iliyoitwa Roi des Belges, akapita kwenye mto Kongo na matawi yake, pamoja na Kasai, Sankuru na Lomami. Kazi yake ilikuwa kuandika wapi maji yanapitika, wapi kuna watu wengi, na wapi kuna bidhaa ya kununua.

Mashua hiyo ilijulikana duniani baadaye kwa sababu nyingine. Mwaka 1890 baharia Mpolandi, Joseph Conrad, alisafiri ndani yake hadi Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani. Conrad alikuwa ametarajia kuongoza mashua itakayopeleka msafara wa Delcommune upande wa Katanga. Hakupewa kazi hiyo. Aligombana na mkubwa wa kampuni huko Kinshasa, Camille Delcommune, ndugu ya Alexandre, akarudi Ulaya akiwa mgonjwa. Uchungu wa safari ile aliuweka katika kitabu chake Heart of Darkness.

Mbio za kuwahi Katanga

Kwa nini Wazungu walikimbilia Katanga wakati ule? Sababu ni shaba. Watu wa Katanga walikuwa wakichimba na kuyeyusha shaba karne nyingi kabla, na misalaba ya shaba ilitumika kama pesa hadi mbali. Mfalme Msiri, mtu aliyetoka upande wa Unyamwezi, alikuwa ametengeneza ufalme wa Wayeke na muji wake mkubwa, Bunkeya. Aliuza shaba, chumvi, pembe na watumwa, akapata bunduki kutoka mashariki na magharibi.

Kwenye karatasi za Ulaya, Katanga ilikuwa ya Leopold. Kwenye ardhi, ilikuwa ya Msiri. Waingereza wa Cecil Rhodes walikuwa kusini, na mwezi Novemba 1890 Alfred Sharpe alifika Bunkeya kutafuta mkataba, lakini Msiri alimrudisha mikono mitupu. Leopold akaogopa. Misafara minne ikatumwa, mmoja baada ya mwingine: wa Paul Le Marinel, wa Delcommune, wa William Stairs, na wa Lucien Bia pamoja na Emile Francqui.

Delcommune aliondoka Kinshasa mwishoni mwa mwaka 1890. Alikuwa na mhandisi wa migodi, Norbert Diderrich, na daktari, Paul Briart, pamoja na Wazungu wengine wachache. Waliobeba msafara wenyewe walikuwa askari na wapagazi Waafrika, mamia ya watu.

Safari kama hiyo ilipangwa kwa hesabu ngumu. Hakuna mtu aliyeweza kubeba chakula cha mwaka mzima. Mzigo wa mpagazi ulikuwa vitambaa, shanga, nyaya za shaba, risasi na hema. Chakula kilitakiwa kununuliwa kila siku katika vijiji vya njiani. Maana yake, msafara wote ulisimama juu ya mashamba ya watu wengine. Kijiji kikiwa na mihogo na mtama, msafara unakula. Kijiji kikiwa kimechomwa au kimekimbiwa, kitambaa hakiliwi.

Kutoka Lomami msafara ulielekea kusini. Kabla ya kufika Bunkeya, ofisa mmoja Mswedi aliyeitwa Hakansson aliuawa njiani pamoja na askari aliokuwa nao.

Msiri anakataa bendera

Delcommune alifika Bunkeya mwezi Oktoba 1891. Alikuta mfalme mzee, na ufalme uliokuwa unaanguka. Wasanga, wenyeji wa inchi, walikuwa wameasi dhidi ya Wayeke. Mashamba yalikuwa yameharibiwa na watu walikuwa wamekimbia.

Delcommune alimuomba Msiri akubali bendera ya Leopold. Msiri alikataa. Delcommune hakupigana. Alikuwa na kazi nyingine moyoni: kuujua mto Lualaba, na kuona kama mtu anaweza kuteremka kwa maji kutoka inchi ya shaba hadi Kongo kubwa. Kama njia hiyo ingekuwepo, shaba ingepata barabara ya bure mpaka karibu na bahari. Akaondoka kuelekea kusini-magharibi.

Wiki chache baadaye, tarehe 20 Desemba 1891, Msiri aliuawa kwa risasi na Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs. Bodson naye alikufa kwa majeraha ya siku hiyo. Delcommune hakuwepo.

Mitumbwi ya Musima

Alipofika Lualaba, mahali palipoitwa Musima, upande wa juu wa Nzilo, Delcommune aliamua kupiga kambi na kutengeneza mitumbwi. Ukisikiliza haraka, ni mpango wenye akili. Watu wamechoka kutembea. Mto unaenda upande wanaotaka. Basi maji yawabebe.

Lakini mtu wa Kolwezi akisikia majira yenyewe, atatikisa kichwa. Ilikuwa mvua ya 1891 kuelekea 1892. Mwezi Juni na Julai kwetu ni baridi kali usiku, lakini njia ni kavu, mito imepungua na maghala yana chakula. Kuanzia Novemba mambo yanageuka. Mvua inapiga, mabonde yanajaa, na Januari na Februari ndiyo miezi ambayo hata mkulima mwenye shamba zuri anahesabu unga wa bukari, kwa sababu mavuno mapya bado. Mwaka ule, juu ya njaa ya majira, kulikuwa na njaa ya vita.

Kuchonga mitumbwi ya kubeba msafara mzima si kazi ya siku mbili. Ni kutafuta miti minene porini, kuiangusha, kuitoboa kwa shoka na kuivuta hadi majini. Kila siku iliyopita kambini ilikuwa siku moja zaidi ya midomo mamia isiyo na kitu cha kununua. Watu walitafuta mizizi na matunda ya pori, na walianza kufa.

Mwishowe mitumbwi iliingia majini. Haikwenda mbali. Kule Nzilo, Lualaba unaacha kuwa mto wa kupitisha mtumbwi. Unaingia katikati ya milima, unabanwa na kuta za mawe, na unaanguka kutoka poromoko hadi poromoko kwa makumi ya kilometa, ukishuka mamia ya metre kabla ya kutulia tena upande wa Bukama. Hakuna fundi wa kasia anayepita pale. Kazi yote ya miezi ile ilibidi iachwe kwenye ukingo. Watu waliokuwa wamebaki walirudi kutembea kwa miguu, juu ya milima, ndani ya mvua, tumbo tupu.

Hapo ndipo hasara kubwa ya msafara ilipotokea. Majina ya Wazungu yaliandikwa kwenye vitabu. Waliolala kando ya njia kati ya Musima, Nzilo na Bunkeya walikuwa hasa wapagazi na askari, na hakuna jiwe linalosema walikuwa nani.

Tanganyika, kisha nyumbani

Delcommune mwenyewe hakufa. Mwaka 1892 aliongoza waliobaki kuelekea mashariki hadi ziwa Tanganyika. Huko, mahali ambapo leo ni Kalemie, Kapteni Jacques alikuwa amezungukwa na watu wa Rumaliza, na Delcommune aliungana naye katika mapigano. Kisha alifuata mto Lukuga kurudi magharibi, akafika Lusambo, na mwaka 1893 alikuwa Ubelgiji.

Kati ya viongozi wa misafara ile minne, wawili hawakuuona mwaka huo: Stairs na Bia walikufa kwa ugonjwa mwaka 1892. Delcommune aliishi karibu miaka 30 zaidi, akiwa mtu wa makampuni ya kikoloni. Mwaka 1919 alitoa kitabu cha kulaumu namna serikali ya Ubelgiji ilivyokuwa ikiongoza koloni. Mwaka 1922 yalitoka masimulizi yake ya miaka 20 ya maisha Afrika, katika vitabu viwili, na mwaka huohuo alikufa Brussels.

Jina linaondoka, mto unabaki

Shaba haikupata njia ya maji kama alivyotaka. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na reli ya kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910. Mwaka 1918 reli ilifika Bukama, mahali Lualaba unapoanza kupitisha mashua. Kwa maneno mengine, Wabelgiji waliuzunguka ukuta wa Nzilo kwa chuma, kwa sababu maji yalikataa.

Kisha wakageuza kikwazo kuwa faida. Maji yanayoanguka kwa nguvu ndiyo yanayotoa umeme. Mabwawa manne ya Katanga yalipewa majina ya watu wa misafara ile: Francqui, Bia, Delcommune na Le Marinel. Bwawa la Delcommune lilianza kutoa umeme mwaka 1952, kwa ajili ya migodi na viwanda vya Kolwezi. Baada ya uhuru majina yalibadilishwa, na leo tunasema Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke.

Mvuvi anayetupa wavu kwenye ziwa Nzilo asubuhi hana haja ya kujua habari za Namur. Lakini anajua jambo ambalo Delcommune alilijua akiwa amechelewa: kabla ya kuingia porini na kuutegemea mto, uliza majira, hesabu chakula cha kurudi, na tafuta kujua maji yanaishia wapi. Mamia ya watu waliompa Delcommune mabega yao hawakuulizwa hata moja ya hayo, na ndio waliolipa.