Paavo Nurmi, Bingwa Aliyekimbia na Saa Mkononi

Tukitaja mbio ndefu hapa kwetu midomo yote hukimbilia akina Kipchoge Keino. Sawa kabisa! Lakini hebu niwapeleke mbali kidogo, hadi Ufini, nchi ya theluji, kwa bwana mmoja aliyezitawala mbio hizo hata Keino hajazaliwa.

Paavo Nurmi alizaliwa mjini Turku mwaka wa 1897. Baba yake, aliyekuwa seremala, alifariki Paavo akiwa na miaka 12. Yeye ndiye kifungua mimba, basi ikambidi aache shule na kuajiriwa na mwoka mikate, kazi yake kusukuma mkokoteni kupanda vilima. Baadaye aliamini kuwa mkokoteni huo ndio uliomtia nguvu miguuni. Mwaka wa 1912 Mfini mwenzake, Hannes Kolehmainen, alinyakua dhahabu tatu kule Stockholm. Kijana akaingiwa na wazimu wa mbio, akanunua viatu vya kukimbilia.

Mwaka wa 1920 huko Antwerp, Mfaransa Guillemot alimshinda katika mita 5,000. Nurmi hakulia. Alirudi akashinda mita 10,000 na mbio za nyika. Tangu hapo akawa anakimbia na saa mkononi, akiitazama kila mzunguko ili asipoteze nguvu ovyo. Wapinzani? Wala hakuwatazama.

Utamu wenyewe uko Paris, 1924. Tarehe 10 Julai alishinda mita 1,500, na hata saa moja haijaisha akarudi uwanjani akashinda mita 5,000! Siku mbili baadaye zikaja mbio za nyika, jua likiwaka kama tanuri. Walianza wakimbiaji 38, wakamaliza 15 tu. Wengine walianguka njiani. Nurmi aliwasili wa kwanza kama aliyetoka kuteka maji. Jumla alirudi nyumbani na dhahabu tano. Ingekuwa sita, ila wakuu wa timu yake walimnyima mita 10,000.

Amsterdam 1928 aliongeza dhahabu moja na fedha mbili. Kwa jumla: dhahabu 9, fedha 3.

Sasa sikieni yaliyompata. Mwaka wa 1932 alifika Los Angeles tayari kukimbia marathoni, amalizie kazi kwa kishindo. Wakuu wa riadha duniani wakamfungia mlango, ati alipokea pesa nyingi mno za safari alipokimbia Ujerumani. Siku hizo mwanariadha hakuruhusiwa kufaidi jasho lake. Mimi naona walimwonea, maana viwanja vilijaa kwa sababu yake na waliouza tikiti hawakuulizwa kitu.

Akageukia biashara, akauza nguo na kujenga nyumba, akatajirika. Mwaka wa 1952 Olimpiki zilipofanyika Helsinki, mwenge uliingia uwanjani na mzee mmoja wa miaka 55, kipara, mwendo ule ule. Watu walipomtambua, uwanja mzima ulilipuka kwa vifijo. Alimpokeza Kolehmainen mwenge huo. Nurmi aliaga dunia tarehe 2 Oktoba 1973.