Mitsuyo Maeda: Mpiganaji wa kulipwa aliyeacha somo Brazili

Wengi wenu mmewahi kuona kwenye simu mapambano ya siku hizi ambayo watu wawili hufungiwa ndani ya uzio wa wavu, wakapigana kwa ngumi, mateke na mieleka. Mara nyingi pambano halimalizwi na ngumi. Linamalizwa chini sakafuni, mmoja akiwa amempiga mwenzake kabali au amemkunja mkono, na aliyebanwa anagonga sakafu kwa kiganja kuonyesha amekubali kushindwa.

Ujuzi huo wa kupigana chini unaitwa jiu-jitsu ya Brazili. Lakini mizizi yake iko Japani, na kati ya Wajapani walioufikisha Brazili, anayetajwa zaidi ni Mitsuyo Maeda. Leo tunaeleza maisha yake.

Mtoto wa kijijini

Maeda alizaliwa Novemba 1878 katika kijiji karibu na mji wa Hirosaki, kaskazini mwa Japani. Akiwa kijana alicheza sumo, mieleka ya jadi ya Kijapani. Tatizo lilikuwa umbo. Sumo inataka watu wakubwa, naye alikuwa na urefu wa sentimita 164 tu.

Alipokwenda Tokyo kusoma, alijiunga mwaka 1897 na Kodokan, shule ya Jigoro Kano. Kano alikuwa amechukua mbinu za zamani za jiu-jitsu, akaziacha zile za hatari mno na kuzipanga upya kuwa mchezo wa judo. Hapo Maeda alikabidhiwa kwa mwalimu Tsunejiro Tomita, ambaye naye hakuwa mtu mkubwa. Kwa Tomita alijifunza kwamba mtu mdogo anaweza kumwangusha mkubwa akijua wakati wa kuvuta, wakati wa kusukuma na wakati wa kupiga ngwala.

Hapa tufafanue jambo moja. Wakati huo, nje ya Japani, watu hawakutofautisha judo na jiu-jitsu. Ndiyo maana kilichofundishwa Brazili kilibaki na jina la jiu-jitsu, ingawa mwalimu alitoka shule ya judo.

Aibu ya West Point

Mwaka 1904 Maeda na Tomita walikwenda Marekani kuonyesha judo. Februari 1905 walifika chuo cha kijeshi cha West Point. Maonyesho ya mbinu hayakuwaridhisha vijana wa pale, wakataka mapambano ya kweli. Tomita, aliyekuwa mkubwa kwa cheo na umri, alizidiwa na kijana mwenye mwili mkubwa akabanwa chini mbele ya watazamaji.

Kwa shule iliyodai kwamba akili inashinda nguvu, hilo lilikuwa pigo. Baada ya muda wawili hao waliachana. Tomita mwishowe alirudi Japani. Maeda alibaki ugenini, akaanza kujitafutia riziki kwa njia ambayo Kodokan haikuipenda: kupigana kwa malipo.

Riziki ya ulingoni

Miaka iliyofuata alizunguka nchi nyingi. Alipigana Marekani, akavuka kwenda Uingereza, na mwaka 1908 alishiriki mashindano ya mieleka London. Alipita pia Hispania, Kuba na Meksiko. Alikutana na wapiganaji wa mieleka na wa ndondi, mara nyingi wazito kuliko yeye.

Hispania ndiko alikopata jina la Conde Koma. Conde ni cheo cha ukoo bora wa Ulaya. Koma lilitokana na neno la Kijapani la kuwa mashakani, kwa sababu wakati huo alikuwa amekaukiwa na fedha. Kwa lugha yetu labda tungemwita Mwinyi Taabani. Jina hilo la mzaha likamkaa maisha yote.

Mapambano hayo yalimbadilisha. Judo ya shuleni ilikuwa na adabu na kanuni zake, lakini ulingoni aliyekuwa mbele yake huenda asivae koti la kushikika, na huenda akatupa ngumi. Ilimbidi Maeda ajue namna ya kumsogelea mtu bila kuumia, kumwangusha, kisha kumaliza kazi chini.

Mwalimu wa Belém

Alifika Brazili mwaka 1914, na baadaye akaweka makazi Belém, mji ulio karibu na mdomo wa mto Amazon. Huko alifungua darasa.

Mwaka 1917 kijana wa miaka 14 hivi, Carlos Gracie, alimwona akionyesha mbinu zake katika jumba la maonyesho la Theatro da Paz. Baba yake, Gastão, alikuwa mfanyabiashara aliyefahamiana na Maeda, na Carlos akaanza kujifunza. Watafiti wanabishana ni kiasi gani alifundishwa na Maeda mwenyewe na kiasi gani na wanafunzi wake wakubwa. Lakini chimbuko ni darasa hilo.

Familia ya Gracie ilipohamia Rio de Janeiro, Carlos aliwafundisha ndugu zake. Mdogo wao, Hélio, alitilia mkazo mbinu zinazomfaa mtu asiye na nguvu nyingi. Novemba 1993, mjini Denver, Marekani, Royce, mtoto wa Hélio, aliwashinda wapinzani watatu usiku mmoja katika mashindano ya kwanza ya UFC. Watu wakaanza kuuliza ujuzi huo ulitoka wapi.

Kutoka ulingoni hadi mashambani

Maeda hakuishia kwenye mapambano. Alipewa uraia wa Brazili, na alitumia heshima yake kuwasaidia Wajapani waliokuja kutafuta ardhi. Mwaka 1929 wahamiaji wa kwanza walifika eneo linaloitwa leo Tomé-Açu, kusini mwa Belém.

Maisha yalikuwa magumu. Malaria iliwaandama, mazao ya mwanzo hayakuwalipa, na wengi waliondoka. Waliobaki walikuja kufanikiwa kwa pilipili manga, zao ambalo wakulima wa Tanga na Zanzibar wanalijua. Mafanikio hayo makubwa yalikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na Maeda hakuyaona.

Alifariki Belém tarehe 28 Novemba 1941 kwa ugonjwa wa figo, akiwa na umri wa miaka 63. Siku tisa baadaye Japani iliishambulia Pearl Harbor, na Wajapani wa Brazili wakaanza kutazamwa kama maadui. Kodokan, iliyokuwa haipendi mapambano ya kulipwa, ilimpa daraja la 7 la mkanda mweusi.

Zawadi alizoshinda ulingoni zililiwa zikaisha zamani. Alichomfundisha kijana wa Belém bado kinafundishwa, na kila anayeanza huambiwa kitu kilekile alichoambiwa Maeda na Tomita: udogo wa mwili si sababu ya kushindwa.