Franz Reuleaux, mtu aliyefungua siri ya mashini

Likasi ni mji wa mashini. Toka Panda mpaka Shituru, vijana wengi wanajifunza ufundi kwa kusimama kando ya mkubwa na kuangalia mikono yake. Hata Ulaya ya zamani ilikuwa vile. Aliyetaka ujuzi huo uandikwe, ili hata mtoto asiye na baba fundi aupate, ni Mjerumani Franz Reuleaux.

Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa fundi. Alizaliwa tarehe 30 Septemba 1829 huko Eschweiler, karibu na Aachen, na baba yake alitengeneza mashini. Alisomea Karlsruhe, akawa profesa Zürich, Uswisi, kunako 1856, kisha akahamia Berlin mwaka wa 1864.

Wakati ule vitabu vilieleza mashini moja moja: pampu, kinu, injini ya mvuke. Mwanafunzi alikariri tu. Katika kitabu chake cha 1875, Reuleaux alionyesha kwamba kila mashini ni mnyororo wa vipande vilivyoungana viwili viwili. Kuna maungio yanayozunguka kama bawaba ya mlango, mengine yanateleza kama droo. Ukikaza kipande kimoja, vingine vinatembea kwa njia iliyopangwa. Chukua pistoni, biela, krenki na bodi: ukikaza bodi, una injini. Ukikaza krenki, mnyororo uleule unakupa mwendo wa mashini ya kuranda chuma, ile inayokata polepole na kurudi mbio.

Maandishi peke yake hayakumtosha. Huko Berlin alikusanya mifano ya mashini zaidi ya 800, ambayo mwanafunzi aliweza kuizungusha kwa mkono. Nakala zake ziliuzwa kwa mashule, na mwaka wa 1882 Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilinunua nyingi.

Hakuogopa kusema ukweli. Kwenye maonyesho ya Philadelphia ya 1876, aliandika magazetini kwamba bidhaa za nchi yake ni za bei ya chini lakini hazina ubora. Wenye viwanda walimkasirikia sana. Baadaye hata chuoni Berlin mainjinia wengine walimpinga, wakiona mafundisho yake ni ya vitabu kupita kiasi. Alistaafu 1896, akafariki tarehe 20 Agosti 1905.

Mifano mingi ya Berlin iliangamia katika Vita Kuu ya Pili. Ile ya Cornell ilipona, zaidi ya 200, sababu ilikuwa imeuzwa mbali.

Na wazo lake halikufa. Mwaka wa 1955 Jacques Denavit na Richard Hartenberg, huko Marekani, walitoa njia ya kuandika kwa hesabu jinsi kila kipande cha mnyororo kinavyokaa kwa kipande kinachofuata. Njia hiyo ndiyo inafundishwa paka leo kwa mkono wa roboti, maana mkono ule nao ni mnyororo wa bawaba.

Cornell iliweka picha na maelezo ya mifano yake kwenye intaneti, bila malipo. Kijana wa Likasi mwenye simu anaweza kuanzia kwa jina la Reuleaux, kabla ya kupambana na hesabu za roboti. Akishatambua maungio ya mashini iliyo mbele yake katika atelie, nusu ya kazi imekwisha.