Hans Berger: Aliyeacha hesabu akaenda kusikiliza ubongo

Kama unakaa Spring Valley au unapita Lower Kabete Road kila siku, lazima umeshaona mzee anayetembea kwa hatua fupi fupi, mkono ukitetemeka hata akiwa ametulia. Jirani yetu mmoja yuko hivyo. Sisi vijana tulidhani ni pombe. Kumbe ni Parkinson. Leo wacha nikupe stori ya jamaa aliyetuachia njia ya kuusoma ugonjwa huu ndani ya kichwa.

Hans Berger alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1873. Alienda Chuo Kikuu cha Jena kusoma hesabu, lakini hakudumu. Aliacha, akajiunga na jeshi la farasi. (Sisi tulioacha chuo tupige makofi kidogo.) Siku moja mazoezini farasi alimtupa chini, nusura akanyagwe na gari la mzinga. Jioni hiyo akapata simu ya maandishi kutoka kwa babake: dadake, aliyekuwa mbali, alikuwa amehisi ghafla kwamba Hans yuko hatarini.

Berger aliamini ubongo wake ulikuwa umetuma ujumbe. Akarudi Jena, safari hii kusomea udaktari, akisaka nguvu hiyo. Mchana alikuwa daktari wa akili mkimya, mtu wa ratiba. Baada ya kazi alijifungia na mitambo yake, karibu kwa siri. Mwaka wa 1924 hatimaye alinasa umeme wa ubongo wa binadamu. Alikaa miaka 5 akijishuku kabla ya kuchapisha, 1929. Wengi walimpuuza, hadi Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge walipothibitisha kazi yake mwaka wa 1934.

Ule ujumbe wa dadake hakuupata kamwe. Alichopata ni mawimbi. Ukifumba macho ukatulia, yanapiga kama mara 10 kwa sekunde: hayo aliyaita alfa. Mengine ni madogo na ya kasi zaidi: beta.

Sasa turudi kwa yule jirani. Kwa mgonjwa wa Parkinson, kemikali iitwayo dopamini hupungua, na beta huzidi katika sehemu za ndani za ubongo zinazoongoza mwendo. Fikiria magari ya Westlands saa kumi na moja jioni: yote yameshikana, hakuna linalopenya. Mgonjwa akimeza dawa, mara nyingi beta hushuka na mwili hufunguka. Ndiyo maana watafiti huyatazama mawimbi hayo kama kipimo cha mizani ya ubongo.

Lakini nisikuuzie mtakatifu. Chini ya Wanazi, Berger alikaa kwenye mahakama iliyoamua watu gani wafungwe uzazi kwa nguvu. Alistaafu 1938, akaugua, akazama kwenye huzuni, na mwaka wa 1941 akajitoa uhai. Mtu aliyepima vichwa vya wengine alishindwa na chake. Kama nawe umelemewa, tafadhali ongea na mtu leo.

Na ukikutana na mzee anayetetemeka, usimcheke wala usimharakishe. Msalimie, mpe muda avuke barabara. Kama ni guka wako, mpelekeni kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Dawa zipo. Haziponyi, lakini zinaweza kumrudishia hatua zake.